Sura ya Tano: Mlango Usiopakwa Rangi

Mtu atokaye Butembo alfajiri akaishika njia ya udongo ipandayo Kipese, katika nyanda za juu za teritwari ya Lubero, aghalabu hukutana na shehena kabla hajakutana na watu: viazi mviringo katika magunia yaliyofura hadi mdomoni, kabichi zilizopangwa mfano wa mawe ya msingi, na poro, yale majani marefu jamaa ya kitunguu ambayo Wabelgiji waliyaleta kwa ajili ya supu yao na wakulima wa milimani wakayafanya mali yao, yamefungwa mafungu mafungu na kulazwa juu ya chukudu, chombo cha mti cha magurudumu mawili ambacho mwenyewe hukisukuma mlimani na kukipanda mteremkoni goti moja likiwa juu yake. Ni nchi ya baridi, ukungu na rutuba, na riziki ya watu wake tangu zamani imetegemea mambo mawili, ardhi itoayo na chombo kichukuacho. Kwa hiyo mwaka 2017, nilipomsikia mkulima mmoja akisema, tukiwa tumejikinga mvua chini ya upenu wa duka, kwamba nyuma ya ghala la marehemu fulani limelala gari la Kimarekani ambalo watoto wa kijiji huliita "mutuka ya mzee", nilimwomba anipeleke saa ile ile, na mvua haikuwa imekwisha tulipofika.

Lilikuwa chini ya kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta, limezama kwenye udongo hadi nusu ya rimu. Kuku walikuwa wametaga juu ya kiti, na mboga ya maboga ilikuwa imeingia kwa dirisha la kulia ikatokea kwa dirisha la kushoto, imechanua. Lakini uso wake niliutambua kabla sijafuta vumbi: ile Chevrolet ya mizigo midogo yenye paji la mviringo na pua ya fito tano za kulala, namna ambayo Wamarekani walianza kuiuza mwaka 1947 na hawakuiacha mpaka mwaka 1955.

Mnunuzi wa gari la kale hana budi kujifunza kusoma mwili wa gari kabla ya kusoma karatasi zake, maana karatasi huweza kupotea, kuazimwa au kuandikwa upya, lakini mwili haukubali kusema uongo kwa urahisi. Nilitazama nyuma ya kiti nikakuta tangi la petroli limesimama wima ndani ya chumba cha dereva, nami nikajua kwamba gari halikutengenezwa kabla ya mwaka 1949, kwa kuwa hapo kwanza tangi lilining'inia chini. Nikatazama madirisha ya milango nikaona vile vioo vidogo vya pembe tatu vinavyogeuzwa ili kuingiza upepo, ambavyo vilianza mwaka 1951. Kisha nikashika mkono wa mlango, ukawa ni wa kuinamisha chini, si wa kubonyeza kwa kidole kama ulivyogeuzwa mwaka 1952. Gari lenye vioo vile pamoja na mikono ile ni la mwaka 1951, wala si la mwaka mwingine wowote, na elimu hii ndogo, ambayo haigharimu chochote ila subira ya macho, imeniokoa mara nyingi na wauzaji wenye ulimi mwepesi.

Yafaa msomaji aelezwe chombo cha namna hii kilifikaje katika milima isiyo na reli wala bandari. Ford walifungua kiwanda cha kuunganisha magari Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1922, na General Motors wakafuata mji ule ule mwaka 1925, wakianza na Chevrolet. Kwa hiyo gari la Kimarekani katika Kongo ya Wabelgiji halikuwa kitu cha ajabu wala cha anasa, bali lilikuwa bidhaa ya bandari ile ile iliyopeleka saruji na vitambaa. Kutoka Antwerp shehena ilishuka Matadi, ikapanda reli hadi Léopoldville, ikapakiwa merikebu ya mto hadi Stanleyville, kisha ikaukata msitu wa Ituri kwa barabara, Mambasa, Komanda na Beni, mpaka Butembo. Njia ya pili ilikuwa fupi zaidi kwa watu wa mashariki: Mombasa, kisha reli ya Uganda, na kuanzia mwaka 1956 reli hiyo ilifika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe, mahali ambapo mpaka wetu wa Kasindi hauko mbali. Tofauti ya magari yaliyopita njia hizi mbili ilikuwa upande wa usukani, maana Uganda ilishika kushoto na Kongo kulia, na Chevrolet ya Kipese ilikuwa na usukani upande wa kushoto na kipimo cha mwendo kinachohesabu kilometa, wala si maili.

Lakini lililonisimamisha siku ile halikuwa usukani wala kipimo. Nilipopangusa mlango wa dereva kwa kiganja cha mkono, yalitokea maandishi meupe yaliyoandikwa kwa brashi na mkono uliozoea kazi hiyo: BUTEMBO – BENI – STANLEYVILLE. Mji wa Stanleyville uliitwa Kisangani mwaka 1966. Yule aliyeuandika mlango ule, basi, aliuandika kabla ya hapo, na katika nchi yetu, ambamo nyaraka za biashara za watu wetu zimeliwa na mchwa, moto na vita, maandishi yale matatu juu ya bati yalikuwa ushahidi wa kwamba mkulima wa milimani alikuwa na chombo chake mwenyewe na soko lake mwenyewe umbali wa mamia ya kilometa, ng'ambo ya msitu.

Mjane wa mwenye gari alikuwa hai. Alitupokea sebuleni kwake, akatusikiliza hadi mwisho bila kutukatiza, kisha akasema kwa Kiswahili cha huku kwetu: "Mwanangu, mutuka ya mzee haiuzwe sawa mbuzi." Nikamjibu, "Ndiyo, mama, hatukuja kwa haraka." Nasi hatukufanya haraka. Nilirudi mara nne, kila mara nikikaa na kunywa chai, na katika vikao hivyo nikaipata taarikhi ya gari kwa mdomo wake. Mume wake alilinunua kwa mlowezi mmoja mwenye shamba la kahawa aliyekuwa akifunga virago karibu na uhuru wa tarehe 30 Juni 1960. Stanleyville lilifika mara mbili tu, na mara zote mbili lilibeba maharagwe, kwa kuwa poro hazivumilii joto la msitu. Siku nyingine zote lilikuwa gari la Butembo na Beni. Mwaka 1964, waasi wa Simba walipoenea mashariki na Beni na Butembo zikaingia mikononi mwao, mume aliyafungua magurudumu usiku, akaing'oa distributa, akaitia ndani ya chungu na kuifukia katika shamba la maharagwe, akiwaambia waliomuuliza kwamba gari limekufa. Maandishi ya mlangoni aliyaongeza baada ya amani kurudi, kwa furaha ya kuwa angali nalo.

Gari lilisimama kweli miaka michache baada ya tarehe 30 Novemba 1973, siku Rais Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni zitakabidhiwa wananchi. Hukumu ya jambo lile imekwisha kutolewa na wenye elimu ya siasa na uchumi. Mimi nasema la gereji tu, kwamba duka la vipuri ni maktaba, na maktaba ikikabidhiwa mtu asiyesoma, vitabu haviungui siku hiyo hiyo, bali huondoka kimoja kimoja pasipo mtu wa kuvirejesha. Injini ilianza kugonga chini, tok tok, kila mlima ulipopandwa. Mafundi walimwambia mzee kwamba konrodi ya tatu, ule mkono wa chuma uishikao pistoni, imelegea na kwamba beringi zake hazipatikani tena. Akaliegesha. Baadaye zikaja Toyota na Mitsubishi za dizeli, na baada yake pikipiki ambazo leo zimejaa Butembo yote, na watu wakasahau kwamba Mmarekani alipata kutawala barabara hizi.

Mjane alikubali kuuza kwa masharti mawili. La kwanza, watoto wake wote wakae na kutia sahihi, kwa kuwa kadi ya gari, ile tunayoiita kati roze, ilikuwa bado na jina la marehemu. Nami nawasihi wote watakaonunua gari kwa warithi wasidharau kikao cha namna hii hata kama kitachukua mwezi, maana mtoto mmoja aliyeachwa nje ya mkataba atarudi siku gari litakapong'aa, naye atakuwa na haki. La pili, mlango wa mume wake usipakwe rangi. Nilikubali yote mawili. Tulikubaliana dola 600, tukahesabu mbele ya mkuu wa kijiji, na gari likavutwa kwa Fuso ya viazi hadi Butembo, siku moja nzima, likifuata nyuma kwa mnyororo.

Fundi niliyemkabidhi ni mzee wa Butembo aliyejifunza kazi utotoni katika gereji ya Mgiriki mmoja, na ambaye tangu miaka mingi hatengenezi ila injini za magari ya Kijapani. Alipofungua boneti hakusema neno. Alichukua kitambaa, akafuta ubavu wa injini polepole, akaisoma namba iliyogongwa kando ya distributa, kisha akanitazama na kusema, "Papa, hii ndiyo niliyojifunzia." Ilikuwa injini ya silinda sita mstari mmoja, inchi za ujazo 216, yaani karibu lita tatu na nusu, yenye nguvu za farasi 92 kwa hesabu ya kiwanda. Wenye pupa hupenda kuing'oa injini kama hii na kutia ya Toyota, nami sitawalaumu wenye njaa ya kazi, lakini aliye na nafasi ya kuchagua namwomba asifanye hivyo kabla ya kuisikiliza, kwa sababu injini hii iliundwa kwa ajili ya mtu aliye mbali na kiwanda.

Nitaeleza kwa nini, na hapa naomba msomaji asichoke. Katika injini za leo, konrodi hushika krenkshafti kwa beringi za vipande ambazo zikichakaa hutupwa, zikanunuliwa nyingine za kipimo chake. Katika 216, madini laini ya beringi, mchanganyiko wenye bati, yalimiminwa moto ndani ya konrodi yenyewe, na kati ya konrodi na kofia yake viliwekwa vipande vyembamba vya chuma ambavyo mafundi huviita shimu, baadhi yake vyembamba kuliko karatasi. Beringi ikilegea, fundi hutoa shimu moja kila upande, akafunga, akapima. Ikiwa bado imelegea hutoa nyingine. Oili nayo haisukumwi kwa nguvu kubwa hadi kwenye konrodi kama ilivyo sasa; kila konrodi ina kijiko chini yake kinachochota oili katika bakuli na kujipaka chenyewe, wakati ambapo mrija mdogo huirushia oili zaidi gari likienda kasi. Watu wa miji wameicheka hila hii kuwa ya kale. Lakini mwenye spana mbili na akili timamu aweza kuitengeneza juu ya jamvi, porini, na hapana kiwanda kinachomshurutisha kungoja.

Tulifungua sampu, kile chombo cha oili kilicho chini ya injini. Konrodi ya tatu ilikuwa imelegea kweli, lakini madini yake yalikuwa mazima, yaling'aa kama sarafu iliyovaliwa shingoni. Fundi akafungua kofia, akatoa shimu moja kushoto na moja kulia, akaziweka juu ya kitambaa cheupe, akafunga. Akashika konrodi kwa vidole viwili akaitikisa, ikacheza. Akatoa ya pili. Ikacheza kidogo. Akatoa ya tatu, akafunga, na safari hii konrodi ikagoma kusogea kabisa. Basi akarudisha moja, akafunga tena, kisha akaipiga ubavuni kwa mpini wa nyundo, pigo dogo, nayo ikateleza upande mmoja kadiri ya unene wa ukucha, ikakaa. Akacheka peke yake. Kazi ile yote ilichukua nusu saa. Gari lililokuwa limelala miaka 40 lilikuwa limelala kwa ajili ya vipande vichache vya chuma ambavyo havikuhitaji kununuliwa bali kuondolewa, na maarifa hayo yalikuwapo mji huu huu, katika mikono ya kijana aliyefukuzwa kazi gereji ya Mgiriki ilipobadilishwa mwenyewe. Nimeyawaza hayo mara nyingi.

Ringi za pistoni hazikuwa na heri hiyo. Duka moja la mjini liliniuzia seti nzima kwa kiapo kwamba ni sawasawa, nami kwa kuamini sikupima. Fundi alipotia ringi ya kwanza ndani ya silinda, ncha zake zilipandana kabla haijaingia. Silinda ya 216 ni inchi tatu na nusu, milimita 88.9, na zile ringi zilikuwa za injini nyingine iliyozidi kidogo. Mtu mwenye haraka angezikata kwa tupa na kuzisukuma ndani, na mwezi mmoja baadaye angekuwa na silinda sita zilizochubuka. Tuliagiza nyingine Marekani, ambako magari haya yana wapenzi wengi na vipuri vyake vingali vinatengenezwa upya, pamoja na gasketi, mpira wa breki na vioo vya taa. Nazo zilikuja kwa mikono ya wafanyabiashara wetu waendao na kurudi, kupitia Kampala na Kasindi.

Zilichelewa. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa homa ya Ebola katika nchi ya Beni, ikashuka hadi Butembo na Kipese yenyewe haikukaa bila hofu, wala haikutangazwa kuwa imekwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Katika muda huo kila kizuizi cha barabara kilikuwa na ndoo ya maji ya klorini na mtu wa kupima joto la paji la uso; na upande wa Beni, tangu Oktoba 2014, vijiji vilikuwa vikiangamizwa na wauaji waliokuja usiku, hata njia ya Kasindi ikawa siku nyingine hapiti mtu ila nyuma ya askari. Nilijiuliza zaidi ya mara moja kama ilikuwa halali kuhangaikia chuma wakati watu wanazika. Nilimuuliza fundi pia. Yeye aliendelea kusugua vali zake na kusema kwamba nyumbani kwake wanakula kwa kazi, hawali kwa kusubiri. Na siku ile tulifanya kazi mpaka giza.

Bodi ilihitaji mikono mingine. Kutu ilikuwa imekula pembe za chini za chumba cha dereva na sehemu za kukanyagia, mahali ambapo udongo wa milimani hung'ang'ania na kushika unyevu. Bati lake la asili ni nene, na mchomeleaji wetu aligundua kwamba ubavu wa pipa la oili la lita 200 unakaribia unene ule ule, tena ni chuma laini kinachokubali nyundo. Kwa hiyo pembe za Chevrolet ya mwaka 1951 leo ni pipa, zimekunjwa juu ya gogo na kuchomelewa kwa gesi, na asiyeambiwa hatambui. Paki, ule ujiuji wa kusawazishia bati, hatukuitia ila kidogo. Nimeona magari mengi yaliyonyooshwa kwa paki nene kama mkate, mazuri siku ya sikukuu, na baada ya msimu mmoja wa mashimo ya barabara hii yakadondosha mashavu.

Sakafu ya kubebea mizigo katika magari haya ni ya mbao, mbao nane zilizotenganishwa na fito za chuma, na kwa kazi hiyo nilirudi Kipese kwa mafundi wa chukudu. Hakuna watu wanaoujua mkaratusi kuliko wao. Mti huu ukipasuliwa mbichi hujipinda na kupasuka kichwani, lakini wao huukata kwa kipimo kikubwa kuliko kinachotakiwa, wakaulaza juu ya dari la jiko, moshi ukaukausha taratibu miezi kadhaa, kisha ndipo huuranda. Bwana mmoja kati yao alizipitishia mbao zangu kiganja, akaikataa moja aliyoona nyuzi zake zinapinda, akaleta nyingine bila kudai senti ya ziada. Nilipomsifu, aliniambia kwamba chukudu ikivunjika mteremkoni huua mwenyewe, kwa hiyo wao hawawezi kusema uongo juu ya mbao.

Katika mambo ya umeme niliivunja kanuni ya wapenzi wa magari ya kale, nami sioni toba. Gari lilizaliwa na umeme wa volti 6. Betri za namna hiyo hazipatikani Butembo, na dereva atakayezimikiwa usiku kwenye baridi ya Lubero hatafarijiwa na uasilia. Tulitia betri ya volti 12, balbu na koili za kufaa, na kipunguza umeme kwa kipimo cha petroli. Starta ya zamani, ile inayokanyagwa kwa mguu, tuliiacha kama ilivyo, nayo huvumilia nguvu mpya na huzungusha injini kwa hamasa. Dinamo ya asili nimeifunga katika kitambaa chenye oili, imo sandukuni. Kanuni yangu ni kwamba lolote linaloweza kurudishwa nyuma ni halali, na lisilorudishika lihitaji dharura kubwa.

Kabureta nayo ilitaka kufahamu mahali ilipo. Hewa hupungua kadiri mtu apandavyo, na kwa kila mita 1000 injini ya petroli hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Gari lililopimwa usawa wa bahari likifika kwetu, mahali pa mita 2000 na zaidi, hunywa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo na kutoa moshi mweusi. Tulitia jeti ndogo zaidi. Tuliongeza na chujio mbili, kwa kuwa petroli yetu aghalabu hununuliwa kwa wale wauzaji wa chupa na madumu kando ya barabara tunaowaita kadhafi, na ndani yake mna maji, vumbi na pengine majani.

Siku ya kuwasha, fundi aliandika kwa chaki kwenye ukuta wa injini namba 1-5-3-6-2-4, ambazo ndizo zamu za silinda kuwaka, akazipanga waya za plagi kwa kuzisoma kwa sauti, kidole kikifuata. Nilikanyaga starta. Mara ya kwanza ilikohoa, mara ya pili ikatoa moto kwa kabureta, fundi akaigeuza distributa kiasi cha upana wa kidole, na mara ya tatu ikashika. Ilipotulia niliweka sikio kwenye boneti nikitafuta ule mlio wa konrodi ya tatu. Haukuwapo.

Nafahamu kwamba ulimwenguni kuna namna nyingine za kulipenda gari la kale. Huko Nairobi, tangu mwaka 1970, hufanyika kila mwaka mashindano ya magari mazuri ambamo waamuzi hutazama hadi chini ya mazulia, nami nawaheshimu waliolea mali zao kwa uangalifu ule. Huko Cuba, ambako magari ya Kimarekani hayakuingia tena baada ya mapinduzi ya mwaka 1959 na vikwazo vilivyofuata, mafundi wameyaweka barabarani kwa injini za Kirusi na ujasiri wa ajabu. Namna yetu iko karibu zaidi na ya Cuba, ila na tofauti moja, kwamba kwetu gari la mizigo halikuwa pambo la bwana bali mshiriki wa mkulima. Na mshiriki hurudishwa kazini, hawekwi kabatini. Kwa hiyo bonyeo lililoko juu ya tairi la nyuma, ambalo mjane alinieleza lilitokana na gunia la chumvi lililoanguka, sikulinyoosha. Rangi ya kijani tulipaka kila mahali, makoti mawili, ila mlango wa kushoto, ambao tuliuosha kwa sabuni, tukausugua kwa mafuta ya taa na kuupaka nta, basi. Wapitao huniuliza kama fedha ziliniishia.

Jumatano na Jumamosi gari huteremka Butembo na poro, magunia nane au tisa, mwendo wa kilometa 40 kwa saa mahali pazuri na mwendo wa mtu mahali pabaya. Lina kasoro moja ambayo sitaiponya: waipa zake hazivutwi kwa umeme bali kwa pumzi ya injini, na injini ikielemewa mlimani pumzi hupungua, zikasimama katikati ya kioo mvua ikiwa kali, mpaka dereva aachie mguu kidogo ndipo zipige mara mbili na kusimama tena. Mjane alipanda safari ya kwanza, akakaa kimya mpaka Butembo, na tulipofika alishuka kwa upande wa dereva, si upande wake, ili aushike ule mlango.

Wanunuzi wa vyuma chakavu wamezidi kupita milimani siku hizi na mizani zao, wakipima kila kilicholala nyuma ya ghala. Wewe usomaye, ikiwa nyumbani kwenu limo gari la namna hii, Chevrolet, Ford, Dodge au Willys, msiliuze kwa kilo kabla ya kuisoma namba iliyogongwa ubavuni mwa injini na kumwita mzee mmoja wa gereji aliyeyajua magari hayo. Mwiteni mwaka huu. Wa Butembo niliowajua walikuwa watano. Sasa wamebaki wawili.